Arthur Ashe, Mpole Aliyekwenda kwa Makaburu

Ukiwasha televisheni mwishoni mwa mwezi wa Agosti utakuta mashindano ya wazi ya tenisi ya Marekani yanachezwa New York, na utasikia watangazaji wakiutaja uwanja wa Arthur Ashe tangu asubuhi mpaka usiku. Watoto wetu wengi wanalijua jina hilo kama wanavyojua jina la kituo cha treni. Ni mahali, basi. Katika toleo hili nataka umjue mtu mwenyewe. Vikombe vyake nitavitaja, lakini zaidi ya vikombe nataka ukae nami kwenye swali moja lililomsumbua kwa miaka mingi, nalo ni hili: nchi inapowatesa watu wa rangi yako, halafu ikakualika kucheza, je, uende ukajionyeshe, au uisusie?

Arthur alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Siku hizo mambo ya kusini yalikuwa yamegawanywa kwa rangi: shule zao na zenu, viti vyao vya basi na vyenu, hata maji ya kunywa. Baba yake alikuwa msimamizi wa Brook Field, bustani ya mapumziko iliyotengwa kwa ajili ya watu weusi, na familia ilipewa nyumba humo humo ndani. Kwa hiyo kijana huyu mwembamba, aliyevaa miwani, akifungua mlango wa nyumba yao anakutana na viwanja vya tenisi. Ndiyo bahati aliyoipata. Bahati nyingine ilimpita: mama yake, Mattie, alifariki mwaka 1950, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka 7, na mdogo wake Johnnie akiwa mchanga zaidi.

Baba alibaki na watoto wawili, naye hakuwa mtu wa mzaha. Alipima muda wa kutembea kutoka shuleni hadi nyumbani, na muda huo ukipita mtoto hajafika, alitakiwa ajieleze. Ukisoma hapo unaweza kumwona mzee huyo kuwa mkali kupita kiasi. Lakini kumbuka wakati wenyewe na mji wenyewe. Mtoto mweusi aliyechelewa njiani Virginia ya miaka ya 1950 alimtia mzazi hofu ambayo wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu, hasa wenye vijana wa kiume katika miji mikubwa ya ugenini, hawahitaji kuelezwa.

Kijana aliyemfundisha kushika raketi hapo bustanini aliitwa Ron Charity. Alipoona mwanafunzi wake amempita kimo cha mchezo, alimpeleka kwa daktari mmoja wa mji wa Lynchburg, Dakta Robert Walter Johnson. Huyu daktari alikuwa na uwanja wa tenisi nyumbani kwake, na kila kiangazi aliwakusanya vijana weusi, akawalisha na kuwafundisha. Kabla ya Arthur alikwisha msaidia Althea Gibson, ambaye mwaka 1957 akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon.

Masharti ya Dakta Johnson yalikuwa ya ajabu kidogo. Mpira wa mpinzani ukianguka nje ya mstari kwa upana wa kidole, sema umeingia. Usibishane na mwamuzi. Usirushe raketi. Ukikosewa, nyamaza, rudi mahali pako, cheza. Daktari alijua kwamba wenye mashindano walikuwa wanatafuta sababu tu ya kuwafukuza vijana wake, akaamua kuwanyima sababu hiyo. Arthur aliyameza masharti hayo mpaka yakawa tabia. Maisha yake yote watu walisifu utulivu wake, na wengine wakaubeza, wakauita ubaridi au woga. Mimi nadhani hawakujua ulikotoka.

Huko kwao Richmond viwanja vizuri vya jiji vilikuwa Byrd Park, naye hakuruhusiwa kucheza huko kwa sababu ya rangi yake. Viwanja vya ndani, vya kuchezea wakati wa baridi, navyo vilimfungia milango. Mwaka 1960 ikabidi ahame, akamalizie shule ya sekondari St. Louis, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwa baba yake, ili apate tu mahali pa kupigia mpira. Kutoka huko akapata ufadhili wa kusoma chuo kikuu cha UCLA, California. Mwaka 1963 akawa mtu mweusi wa kwanza kuiwakilisha Marekani katika Kombe la Davis, na mwaka 1965 akawa bingwa wa vyuo vikuu. Alipomaliza shahada aliingia jeshini, akawa luteni katika chuo cha kijeshi cha West Point.

Hapo nikuombe usimsahau Johnnie. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na mdogo mtu alikuwa askari huko. Muda wake ulipokwisha aliomba abaki kwa kipindi cha pili, kwa sababu alielewa kwamba ndugu wawili hawapelekwi vitani kwa wakati mmoja. Akabaki yeye, ili kaka yake asiitwe. Katika vitabu vya michezo habari hii hupewa mstari mmoja, kama inapewa.

Basi mwaka 1968 luteni Ashe akacheza. Ulikuwa mwaka mzito: Aprili aliuawa Martin Luther King, Juni akauawa Robert Kennedy. Mwezi Septemba yakafanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya wazi ya Marekani, maana yake wachezaji wa ridhaa na wachezaji wa kulipwa waliruhusiwa kukutana. Ashe alimshinda Tom Okker wa Uholanzi kwenye fainali ya seti tano, ya kwanza ikiwa 14-12. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 14,000. Lakini Ashe alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, na sheria ilimkataza kuzigusa. Alipewa posho ya dola 20 kwa siku, kisha fedha zote zikaenda kwa Okker, aliyeshindwa. Waulize wanafunzi wa darasa lako la hesabu wanaionaje hiyo.

Haukupita muda mrefu akawa mchezaji wa kulipwa. Januari 1970 alichukua ubingwa wa Australia. Mchezo wake wakati huo ulikuwa wa mapigo makali, hasa mpira wa kuanzia na ule wa mkono wa nyuma, na alipenda kubahatisha mipira migumu hata pale ambapo mpira rahisi ungetosha. Ajabu, sivyo? Mtu mpole hivyo, uwanjani mcheza kamari.

Mwaka huo huo wa 1970 alizuru Afrika pamoja na rafiki yake Stan Smith, kwa niaba ya serikali yao, wakipita katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Tanzania. Dar es Salaam wakati huo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika, na wapigania uhuru kutoka kusini walikuwa wakipishana mitaani. Mwaka uliofuata alirudi barani, na huko Yaoundé, Kamerun, akamwona mvulana mdogo akipiga mpira kwa namna iliyomshangaza. Alipiga simu kwa wakubwa wa tenisi ya Ufaransa, mvulana akapelekwa kulelewa huko. Aliitwa Yannick Noah, na mwaka 1983 akawa bingwa wa Ufaransa. Katika kazi zote alizozifanya Ashe Afrika, hiyo ndiyo iliyokuwa nyepesi na yenye furaha.

Kazi ngumu ilikuwa Afrika Kusini. Mwaka 1969 aliomba viza ya kwenda kucheza Johannesburg, makaburu wakamnyima. Mwaka 1970 akaomba tena, wakamnyima tena. Mradi wake ulikuwa wazi: kama nchi inamkataa mchezaji kwa sababu ya ngozi yake, basi na ikataliwe na ulimwengu wa tenisi. Akalipeleka suala hilo kwa wakubwa wa mchezo na serikalini, na mwaka huo Afrika Kusini ikatolewa katika Kombe la Davis.

Halafu, mwaka 1973, viza ikatoka.

Hapa ndipo ninapokuomba ujiweke mahali pake. Watu wengi aliowaheshimu walimwambia asiende. Wapigania uhuru wengi walitaka nchi ile isusiwe kabisa, isipate mchezaji, mwimbaji wala timu, mpaka ipate njaa ya kuonekana. Mtu mweusi mashuhuri akienda kucheza mbele ya makaburu, walisema, atawapa picha ya kuonyesha duniani kwamba mambo si mabaya kiasi hicho. Kwa upande mwingine, Ashe alikuwa ameomba viza kwa miaka mingi. Angewezaje kuikataa alipopewa? Na alitaka kuyaona kwa macho yake. Yeye aliyekulia Richmond aliamini kwamba mtoto mweusi akimwona mtu mweusi aliye huru, anayesema anachotaka na kumshinda mzungu mchana kweupe, kuna kitu kinafunguka kichwani mwake.

Akaenda, lakini kwa masharti. Watazamaji wasitenganishwe kwa rangi katika uwanja wa Ellis Park. Yeye mwenyewe awe huru kwenda anakotaka na kusema anachotaka. Wenyeji wakakubali, ingawa ahadi ya viti haikutimizwa sawasawa. Katika mashindano hayo alifika fainali, akashindwa na kijana Jimmy Connors. Katika mchezo wa wawili wawili yeye na Tom Okker, yule yule aliyeondoka na dola zake 14,000, walichukua ubingwa, na kwa mara ya kwanza jina la mtu mweusi likaandikwa katika orodha ya mabingwa wa nchi ile.

Alikwenda Soweto pia. Wako waliomshangilia. Wako waliomwambia usoni kwamba yeye ni kibaraka, arudi kwao, kuja kwake kunawapa makaburu uhalali. Hakugombana nao. Alisikiliza. Hakurudi Marekani akiwa na jibu moja, na mimi sioni aibu katika hilo.

Katika mji wa Alexandra, kando ya Johannesburg, alikuwepo kijana maskini aliyekuwa anajifunza tenisi, Mark Mathabane. Kumwona Ashe kulimbadilisha. Mwaka 1978 alipata nafasi ya kusoma Marekani kwa mchezo huo, kwa msaada wa yule yule Stan Smith, na baadaye akaandika kitabu kuhusu maisha chini ya makaburu ambacho kimesomwa dunia nzima. Ukitaka ushahidi kwamba safari ile haikuwa bure, huyu ndiye.

Lakini ukitaka ushahidi wa upande wa pili, nao upo, tena karibu na kwetu. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, zilikataa kushiriki Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza na makaburu, haikufukuzwa. Filbert Bayi wetu alikuwa ameshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu mwaka 1974, alipomshinda John Walker wa New Zealand nyumbani kwake Walker. Dunia nzima ilikuwa inasubiri wakutane tena. Hawakukutana. Walker akachukua medali ya dhahabu, Bayi akabaki nyumbani. Ashe alikwenda, Bayi hakwenda, na wote wawili walikuwa wanapigana na adui mmoja. Waulize babu na bibi zako walisemaje wakati ule. Wengi wanakumbuka, na hawasemi kitu kimoja.

Ashe alirudi Afrika Kusini mara nyingine katika miaka iliyofuata. Taratibu, kadiri alivyoona kwamba vibali vinatolewa kwa wageni mashuhuri huku sheria za nchi zikibaki zile zile, alibadili msimamo. Akawa upande wa wanaosusia. Mwaka 1983 yeye na mwimbaji Harry Belafonte waliunda umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, kuwashawishi wenzao wasikubali fedha za huko. Na fedha zilikuwa nyingi, usidhani ni mchezo. Mwaka 1985 alikamatwa na polisi mjini Washington akiandamana mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini. Mtoto wa Dakta Johnson, aliyefundishwa kutobishana na mwamuzi, alipandishwa gari la polisi.

Nimekimbia mbele, nikaruka siku yake kubwa kuliko zote. Turudi Wimbledon, tarehe 5 Julai 1975.

Kwenye fainali alikutana na yule yule Jimmy Connors, aliyekuwa bingwa mtetezi, mwenye miaka 22, namba moja wa dunia. Ashe alikuwa anatimiza miaka 32 siku tano baadaye, na hakuwa amewahi kumshinda Connors hata mara moja. Tena palikuwa na kesi. Ashe alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha wachezaji wa kulipwa mwaka 1972, na sasa alikuwa rais wake. Connors alikataa kujiunga, na alikuwa amemshtaki Ashe mahakamani akidai fidia kwa maneno aliyoyaandika. Ashe aliingia uwanjani amevaa koti la timu ya Kombe la Davis, lenye herufi za Marekani kifuani, timu ambayo Connors aliikwepa. Hakusema neno. Koti lilisema.

Waliompenda walikuwa na hofu kwamba atadhalilishwa. Usiku uliotangulia alikaa na marafiki zake wakapanga. Connors alipenda mpira wa kasi. Nguvu za mpinzani ndizo alizozigeuza kuwa zake. Basi asipewe. Ashe, mcheza kamari wa miaka yote, mpiga mipira ya moto, akaamua kucheza polepole. Alimpelekea mipira laini, ya chini, upande wa mkono wa kushoto ambako Connors alikuwa dhaifu. Mpira wa kuanzia aliupeleka nje kabisa, akimvuta pembeni. Connors akisogea kwenye wavu, mpira ulimpita juu ya kichwa. Seti ya kwanza 6-1. Ya pili 6-1. Watazamaji hawakuamini. Wakati wa kubadilisha upande, Connors alikuwa anahangaika na kujitia moyo, na Ashe alikaa kwenye kiti chake amefumba macho, katulia kama mtu anayeswali.

Seti ya tatu Connors alizinduka, akaichukua 7-5. Katika ya nne akatangulia 3-0. Mahali hapo wengi wangeuacha mpango na kurudia mazoea yao. Ashe aliendelea na mipira yake laini. Akashinda 6-4. Akageuka kwa marafiki zake, akainua ngumi kidogo, akaishusha, akaenda kumpa mkono mpinzani wake. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon, na kesi ile ya mahakamani ikafutwa.

Miaka minne baadaye moyo ulimwangusha. Alipata mshtuko wa moyo mwaka 1979, akiwa na miaka 36, akafanyiwa upasuaji, na mwaka uliofuata akatangaza kustaafu. Aliiongoza timu ya Kombe la Davis kwa miaka mitano, ikachukua kombe mara mbili. Mwaka 1983 alifanyiwa upasuaji wa pili wa moyo na kuongezewa damu. Wakati huo damu ilikuwa haijaanza kupimwa virusi vya UKIMWI. Aligundua mwaka 1988, mkono wake wa kulia ulipokataa kufanya kazi na madaktari wakatafuta sababu. Mkono ule ule wa raketi.

Yeye na mkewe, mpiga picha Jeanne Moutoussamy, walikuwa na binti mdogo, Camera. Walifanya siri kwa zaidi ya miaka mitatu, mpaka Aprili 1992 gazeti moja lilipopata fununu na kumpigia simu. Akaitisha waandishi, akasema mwenyewe. Alipofika mahali pa kumtaja binti yake sauti ilimkatika, na mkewe akamsomea maneno yaliyobaki. Kama unazikumbuka siku hizo, unajua neno UKIMWI lilikuwa na uzito gani, na jinsi majirani walivyokuwa wakihamisha vikombe. Miezi iliyombakia aliitumia kufundisha watu kuhusu ugonjwa huo na kuunda mfuko wa kuchangia utafiti. Septemba mwaka huo alikamatwa tena, mbele ya Ikulu ya Marekani, akitetea wakimbizi wa Haiti waliokuwa wakirudishwa kwao. Alikuwa dhaifu, amekonda sana.

Mwaka 1991 alikuwa ameiona Afrika Kusini tena, na safari hiyo alikutana na Nelson Mandela akiwa mtu huru. Uchaguzi wa mwaka 1994 hakuuwahi. Arthur Ashe alifariki New York tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49. Mwili wake ulirudishwa Richmond na kulazwa katika makazi ya gavana wa jimbo, watu wakapita kwa maelfu kumwaga.

Mwaka 1996 jiji lilimsimamishia sanamu, raketi mkononi na vitabu vimeinuliwa juu zaidi ya raketi, watoto wakiwa miguuni pake. Iliwekwa, baada ya mabishano makali, katika barabara iliyojaa sanamu za wakubwa waliopigana vita kutetea utumwa. Sanamu zile ziliondolewa mwaka 2020 na 2021, ya kwake imebaki. Na tangu mwaka 2019 kuna barabara kubwa mjini humo inayoitwa kwa jina lake. Ukiifuata kuelekea kusini mpaka mwisho, inakufikisha Byrd Park, kwenye viwanja vya tenisi.